Mfuko wa choo tumboni: tundu likiwa kubwa, ngozi huungua

Mgonjwa wa Mugumu aliyepasuliwa utumbo Bugando, Mwanza, hurudi nyumbani na mfuko ubavuni na maelekezo aliyopewa wodini akiwa bado na maumivu. Huenda utumbo ulijisokota, ulitobolewa na homa ya matumbo, au ni saratani. Daktari ameutoa utumbo nje ili haja kubwa ipitie hapo. Wauguzi huita sehemu hiyo stoma. Kwa wengi ni ya muda, lakini hiyo miezi ya kusubiri huwa mirefu.

Familia ielewe kwanza kwamba stoma si kidonda. Ni nyekundu na ina unyevu kama ndani ya mdomo, haiumi ikiguswa, na damu kidogo wakati wa kuifuta isiwatishe. Spiriti na dawa za majani hazina kazi hapo. Ikigeuka nyeusi, au choo kikikoma huku tumbo linavimba na mgonjwa anatapika, awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

Kinachowatesa wengi ni ngozi inayoizunguka. Inatakiwa ifanane na ya upande wa pili wa tumbo. Ikiwa nyekundu, inawasha au inatoa majimaji, mara nyingi tundu la mfuko limekatwa kubwa kuliko stoma. Choo hugusa ngozi, ngozi huchubuka, mfuko haushiki penye unyevu, nao unavuja tena. Stoma husinyaa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, hivyo kipimo cha hospitali hakibaki sahihi. Ipimwe upya kila wiki, na tundu liizidi kwa milimita 2 au 3 tu.

Kusafisha ni kwa maji safi ya uvuguvugu na kitambaa laini, kisha kukausha bila kusugua. Mfuko wa gundi haushiki penye mafuta. Asiyemudu mifuko, na hao si wachache, akitumia vipande vya khanga afanye kinyume: apake mafuta mazito au krimu ya zinki kwanza, na abadilishe kitambaa kila kinapolowa. Mfuko umwagwe ukifika theluthi, ukijaa hubanduka.

Anayevuja hujificha. Haendi kanisani, hakai msibani, hapandi gari la mnadani. Wengine hupunguza kula ili choo kisitoke, na hilo ndilo kosa baya zaidi, hasa kwa aliyetolewa utumbo mwembamba. Huyo hupoteza maji na chumvi nyingi, hivyo anahitaji kunywa, ikiwamo ORS. Dagaa huongeza harufu na maharage gesi, ni kweli. Siku ya safari avipunguze, siku nyingine ale.

Mwenzi wa ndoa anayehamia chumba kingine "ili mgonjwa apumzike" huonekana amekimbia, hata kama nia ni njema. Tendo la ndoa linawezekana jeraha la upasuaji likishapona. Mfuko umwagwe kwanza, ufunikwe kwa kitenge. Mwenzi akijifunza kuubadilisha, hata mara moja, mgonjwa huacha kujifungia chooni peke yake.

Ndoo na jembe vingoje miezi mitatu hivi, maana kunyanyua mizigo mapema huleta ngiri kando ya stoma. Kwa mama asiye na wa kumchotea maji hilo ni agizo gumu, kwa hiyo nyumbani wapange zamu kabla hajatoka wodini.