Tunalipia Dawa ya Mzio au Jina Lake?

Weka kwenye kaunta ya famasi boksi mbili za setirizini ya miligramu 10: moja Zyrtec, nyingine ya jenereki, ya kiwanda kisicho na jina kubwa. Mwenye uwezo atachukua ya kwanza, akiamini ina nguvu zaidi. Haina. Kiambata kinachozuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya, makamasi na vipele, ni kilekile na kwa kipimo kilekile. Dawa ya jenereki ni rahisi kwa sababu mtengenezaji wake harudii utafiti wa mwanzo wala halipii miaka ya matangazo.

Wenye majina makubwa wanaijua vizuri hesabu hii. Hataza ya Claritin, dawa nyingine ya mzio yenye loratadini, ilikwisha Marekani mwishoni mwa 2002. Mwaka mmoja kabla, kampuni iliyoiuza, Schering-Plough, ilikuwa imepata idhini ya kuuza Clarinex. Ndani yake mna desloratadini, kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe mtu akimeza loratadini. Hataza ikawa mpya na bei ikawa mpya. Mgonjwa hakuongezewa nafuu ya kulingana na pesa hiyo.

Wapo wanaolipa zaidi kwa kuogopa dawa bandia. Hofu yao ni ya haki, ila jina halimkingi mtu: mghushi huiga lile linalouzika. Kinachotukinga ni usajili na ukaguzi wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya, na hapo ndipo tunapaswa kuwa wakali. Asiyestahimili laktosi au mwenye mzio wa rangi fulani ya kidonge naye ana sababu ya kuchagua kiwanda, maana vijazio hutofautiana.

Linalonisikitisha ni kwamba ubishi wa nembo unafunika tofauti iliyo kubwa kweli. Watu huomba "Piriton" kwa kila muwasho. Hiyo ni klorofeniramini, dawa ya zamani inayoleta usingizi mzito. Dereva wa lori au bodaboda akiinywa asubuhi anahatarisha maisha, iwe ya kampuni maarufu au ya jenereki. Loratadini humlevya usingizi mara chache zaidi, na ya jenereki ipo. Basi daktari aandike jina la kiambata, na muuzaji amuulize mteja anafanya kazi gani kabla ya kumtajia bei.