Risiti Zako Si Bei ya Gari

Miongoni mwa wapenzi wa Subaru jijini Nairobi kuna imani iliyoota mizizi: kwamba kila shilingi uliyomwaga kwenye gari itarudi siku ya kuliuza. Mtu ana Legacy GT, ile stesheni wagoni ya BP5. Amebadilisha ekzosi, ameongeza presha ya tabo, amelishusha na kulivisha rimu kubwa. Anajumlisha risiti zote juu ya bei ya soko, kisha anamkasirikia mnunuzi anayetaja bei ya chini. Nasema mnunuzi ndiye aliye sahihi.

Gari hilo lilitoka kiwandani na injini ya EJ20 ya lita 2, lenye nguvu ya farasi 280 kwa gia za mkono na 260 kwa otomatiki, likitarajiwa kutumia petroli ya Japani ya oktani 100. Ukipandisha presha bila kurekebisha kompyuta ya injini, hewa inazidi mafuta, mchanganyiko unalipuka ovyo, na pistoni zinapasuka pale zinaposhika ringi. Mwanzo wa ugonjwa huo hauonekani kwa macho. Ndiyo maana mnunuzi anayejua kazi huja asubuhi na mapema. Anaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha hukupasha injini moto, anafungua tangi la maji kutafuta utando wa oili, kisha anasimama nyuma gari likiwashwa, aone kama moshi ni wa buluu. Huyo rimu hazioni. Anapiga hesabu ya injini nyingine, na ameshaikata kwenye bei yako.

Msiniambie atapatikana shabiki anayejua thamani ya vitu hivyo. Yupo, ila ndiye mgumu kuliko wote: ana fundi wake, ana ekzosi yake kichwani.

Kwa hiyo rudisha vifaa vya kiwandani, na ulivyoongeza uviuze kimoja kimoja. Inauma kuona shoki za Bilstein za toleo la spec.B la gari hilo zikiuzwa bei ya kutupa ili zifungwe springi fupi za bei rahisi, halafu mtu adai ameliboresha gari!

Kama injini ilibadilishwa, namba mpya iingie kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri, kabla ya tangazo. Kisha pima kompresheni ya silinda zote nne mbele ya mnunuzi. Muuzaji akikataa kipimo hicho, namshauri mnunuzi aondoke, hata gari ling'ae vipi.