Someni Kifua Kwanza

Julai 2017 Wayne Rooney alifunga goli Dar es Salaam, Everton wakawapiga Gor Mahia 2–1. Timu zote mbili zilivaa jina moja kifuani: SportPesa. Nani atahitaji kumwambia kijana "njoo ubeti"? Akishampenda Rooney, jina linaingia lenyewe.

Ndivyo matangazo ya kubeti yanavyotushika. Yanapitia kwa watu tunaowapenda: mchezaji, msanii, mtangazaji wa redio. Ukiliona jina kila Jumamosi unalizoea kama la jirani, na siku moja pesa ya chakula inaishia kwenye mkeka.

Mtasema wazazi wawakataze. Mzazi atakataza vipi kitu ambacho sisi wenyewe tumekileta? Mimi niligawa jezi za msaada hapa kambini kwa watoto wa chini ya miaka 15. Kifuani kulikuwa na jina la kampuni ya kubeti. Nikazipokea, nikashukuru, nikapiga na picha.

Ndugu zetu wa mashirika, mkileta jezi tena, someni kifua kwanza. Na sisi makocha, zile tulizonazo tayari tuzishonee kitambaa juu ya jina. Uzi na sindano tunavyo.