WASIA WA MALI PEKE YAKE HAUTOSHI

Ndugu zangu watumishi wa Serikali,

Kazi yetu ni karatasi. Twajua ya kuwa jambo lisiloandikwa ofisini ni kama halikutendeka, na barua isiyo na sahihi haina nguvu hata maneno yake yakiwa ya kweli. Basi ni ajabu ya kuwa sisi tutunzao mafaili ya watu, wengi wetu hatuna faili la mambo yetu wenyewe. Wachache walioandika wasia wametaja nyumba, shamba, na fedha zilizo benki. Wamefanya vyema. Lakini wasia huo ni nusu, na nusu iliyosahauliwa ndiyo itakayohitajiwa kwanza.

Sababu ni hii. Wasia wa mali hauna kinywa mpaka mwenyewe afe. Maadamu pumzi imo, msimamizi aliyetajwa ndani yake hana amri yo yote juu ya mwili wa mgonjwa. Na kati ya uzima na mauti pana mahali pa tatu: mtu yu hai, lakini hawezi kusema, kwa kiharusi, au kwa ajali, au kwa maradhi yaondoayo fahamu. Hapo daktari huuliza: Tumpasue au tusimpasue? Tumtie katika mashine ya kupumulia? Nani atatia sahihi? Mke asema hivi, kaka wa mgonjwa asema vile, na yule ambaye neno lake lingemaliza maneno yote amelala kimya. Na kwetu sisi tunaohamishwa kila mara, huenda hao wote wakawa mbali, safari ya siku 2.

Wazee wetu hawakuipata taabu hii kama sisi. Mzee alipoona siku zake zimekaribia aliwaita watoto, akawaagiza, watu wakasikia. Siku hizi utabibu umeendelea, na hiyo ni neema kubwa. Lakini waweza kuizuia pumzi isitoke kwa miaka baada ya ulimi kunyamaza. Kwa hiyo agizo la kitandani halitoshi tena. Sharti agizo liutangulie ugonjwa.

Na tuyatazame yaliyowapata wengine. Huko Marekani, katika jimbo la Missouri, Nancy Cruzan, mwenye umri wa miaka 25, alipata ajali ya motakaa mwezi wa Januari 1983. Moyo wake ulirudishwa, fahamu haikurudi, akawa akilishwa kwa mpira uliotiwa tumboni. Wazazi wake wakaomba mpira uondolewe, wakisema binti yao asingalitaka kuishi hivyo. Shauri likapanda mpaka mahakama iliyo juu ya zote nchini humo. Mwezi wa Juni 1990 majaji 5 dhidi ya 4 waliamua ya kuwa jimbo lina ruhusa kudai ushahidi ulio wazi wa mapenzi ya mgonjwa mwenyewe. Maneno ya mazungumzo yaliyoletwa kwanza hayakutosha. Ikabidi kupata mashahidi wengine, ndipo mahakama ya jimboni iliporidhika. Akafa tarehe 26 Desemba 1990, karibu miaka 8 tangu ajali.

Tena katika jimbo la Florida, Terri Schiavo alianguka mwaka 1990, umri wake miaka 26, naye hakuwa ameandika neno. Mume akasema mkewe asingalitaka kulishwa hivyo, wazazi wakapinga. Mpira uliondolewa ukarudishwa, ukaondolewa ukarudishwa, ukaondolewa mara ya tatu. Hata Bunge la nchi likajiingiza. Akafa tarehe 31 Machi 2005. Mimi simhukumu mtu. Nasema tu ya kuwa watu waliompenda walisimama mahakamani kama maadui kwa kukosa neno lake.

Serikali nyingine zimekwisha kuliona jambo hili. Marekani ilitunga sheria mwaka 1990 kwamba hospitali zilipwazo na Serikali kuu kwa matibabu ya wazee na maskini zimwarifu mgonjwa aingiapo haki yake ya kuandika maagizo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2005, ina hati mbili mbalimbali: moja ya wakili wa mali, nyingine ya wakili wa afya, na aliyepewa ya kwanza hana ruhusa kufanya kazi ya pili. Kwa jirani, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtambua mtu aliyepewa na mgonjwa mamlaka ya kutoa idhini kwa niaba yake. Wakili huyu si lazima awe mwanasheria. Ni mtu unayemwamini tu.

Wako watakaosema kuandika habari za ugonjwa ni uchuro. Je, aliyeandika wasia wa mali alikufa kwa sababu ya kuandika? Wengine watasema ndugu mwenye tamaa ataitumia hati hiyo kuharakisha urithi. Hofu hii ina maana. Ndiyo sababu huko Uingereza hati ya wakili haikubaliwi mpaka mtu mwingine, asiye wakili huyo, athibitishe ya kuwa mwenyewe ameielewa wala hakushurutishwa. Lakini mwenye tamaa hupata nafasi zaidi pale pasipo na hati, maana hapo mwenye sauti kubwa ndiye ashindaye. Wala maagizo si kukataa dawa tu. Waweza kuandika ya kuwa wataka kila jitihada ifanywe.

Basi yafaa kila mmoja wetu afanye haya. Kwanza, amtaje wakili wa matibabu yake, na wa pili iwapo wa kwanza hayuko. Pili, aandike anachokitaka na asichokitaka, atie sahihi mbele ya mashahidi, akiisha kumwuliza mwanasheria sheria ya mahali alipo. Tatu, asiifungie hati hiyo sandukuni pamoja na wasia, kwa maana sanduku hilo hufunguliwa baada ya maziko. Nakala moja apewe wakili, moja mke au mume, moja iwekwe na daktari. Nne, aisome tena kila hali yake ibadilikapo. Maadamu ana akili timamu aweza kuifuta.

Naomba wakubwa wa Chama chetu wamwalike mwanasheria na daktari katika mkutano ujao, watuonyeshe namna ya kuandika. Tumewaandikia wengine maneno yao miaka mingi. Tuandike na yetu kabla kalamu haijatuponyoka.

Wenu,
KARANI MWENZENU