Mto Uufuate Mpaka Baharini

KUTOKA KILOLE
Na Bakari Mhina

Sisi wenyeji wa Kilole, na jamaa zetu wa Korogwe na Handeni kwa jumla, ni watu wa safari nyingi, lakini aghalabu hatufungi safari pasipo udhuru wa kutusukuma: msiba, arusi, mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Bombo, shauri lililoitwa mahakamani, au matenga ya machungwa yanayotafuta soko. Mtu akiaga kwamba anakwenda Pangani kutazama tu na kurejea jioni, ataulizwa maswali mpaka aone haya, kana kwamba macho yake si neema aliyopewa ili ayatumie. Rai yangu ya juma hili ni kwamba kuitazama nchi yako ni udhuru uliotimia, na kwamba mtu wa Kilole ana haki juu ya Pangani, na deni pia, kuliko mgeni yeyote anayeijia kutoka ng'ambo.

Mto upitao Korogwe ndio shahidi wangu wa kwanza. Maji yake huanza katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hupokea Mkomazi njiani na Luengera hapa kwetu, huporomoka Hale, ambako tangu mwaka 1964 yanafua umeme, kisha hupanuka na kutulia mpaka yanapoingia baharini baina ya mji wa Pangani na kijiji cha Bweni. Tunayachota, tunayanyweshea mashamba, na wengi wetu tumeota mvi bila kuona yanakokwenda. Mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka Pangani wakapanda kulifuata bonde hili mpaka Vuga, kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara. Nasi leo, tukiamka alfajiri na kushika basi la Muheza, kisha njia ya Pangani, twaweza kufika mdomoni mwa mto, tukashinda huko, na kulala makwetu usiku ule ule.

Atakayefika ataona mji wa kale wenye milango ya nakshi na nyumba za mawe ambazo nyingine zimekwisha kuwa magofu. Hapo ndipo, mwezi wa Agosti mwaka 1888, wakala wa kampuni ya Kijerumani alipopandisha bendera ya kampuni yake kwa jeuri, na pwani nzima ikawaka moto wa vita. Na hapo ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita hivyo, aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Hata mkonge wa mashamba ya Magunga na Ngombezi, uliowalisha baba zetu na kuwachosha, asili yake ni huko: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafa njiani isipokuwa 62, na hiyo iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, jirani ya Pangani.

Lakini liko jambo moja ambalo kwalo, lau ningekuwa na amri, ningemtaka kila Mzigua miongoni mwetu mwenye nguvu za kusafiri asimame mbele ya bahari hiyo walau mara moja katika umri wake. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliishika nchi ya Uzigua, na watu waliokwisha kula mbegu zao waliteremka pwani kutafuta riziki; wakaahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapakiwa majahazini kwa hiari yao, wake kwa waume, na walipotia nanga pwani ya Benadir, huko Somalia, wakajikuta wameuzwa. Masimulizi ya wajukuu wao yanasema kwamba mwanamke mmoja, Wanankhucha, ndiye aliyewaongoza wengi kutoroka utumwani, wakakusudia kurudi kwao kwa miguu, wakaishia kwenye misitu ya mto Juba, wakalima, wakazaa, na lugha yao wasiiache. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi yao walikimbia tena, na safari hii majahazi yakawaleta Tanga. Wakapewa makazi Chogo, katika Handeni, na baadaye uraia wa Tanzania. Waliposema, wazee wa Handeni waliwafahamu. Sijui hekaya katika mkoa wetu iliyo kubwa kuliko hii, nami huona uchungu kwamba kijana wa Kilole aweza kumaliza shule akijua safari za Vasco da Gama, asijue ya Wanankhucha.

Huyo Vasco da Gama naye ana alama yake karibu. Njiani kutoka Pangani kwenda Tanga iko Tongoni, zamani Mtangata, ambako chombo chake São Rafael kilipanda fungu mwaka 1498 kikakwamuka, na mwaka uliofuata, alipokuwa akirudi kwao na mabaharia wake wamekwisha kwa maradhi, akakichoma moto kwa kukosa watu wa kukiendesha. Msikiti wa Tongoni na makaburi yake ya nguzo ni ya kale kuliko hayo yote. Mbele kidogo, kusini ya Tanga, ni Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Na mwenye moyo wa bahari akodi mashua mpaka kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji ya bamvua yajaapo. Kasa wangali wanakwenda kutaga huko, na wenye kuwahifadhi huyahamisha mayai hadi ufuko wa Ushongo yasizame. Muulize nahodha habari za maji kabla ya kulipa.

Nitajibiwa kwamba fedha ni haba, nami nakubali, kwa maana nauli ya watu sita si kitu cha kudharauliwa katika nyumba ya mkulima. Hata hivyo tumezoea kuchangiana kwa arusi michango mizito kuliko nauli hiyo, na kikundi cha akina mama kinachocheza upatu kinaweza kutenga zamu moja ya mwaka kwa safari. Halmashauri zetu nazo zina wajibu wa kupatana na wenzao wa Pangani ili vibao vya Kiswahili visimamishwe ufukweni, vikitaja njaa ile na watu wale. Shule zianze na darasa moja, likizo ya Juni, njia zikiwa kavu. Na wazee wa Chogo waalikwe katika basi hilo hilo, ili pale pale mbele ya maji wawasimulie watoto, kwa Kizigua na kwa Kiswahili, jinsi ndugu zao walivyoondoka na jinsi walivyorudi.