Nyumba kwa Pauni Moja

Pauni moja siku hizi haitoshi kununua kikombe cha chai mkahawani, lakini huko Liverpool imenunua nyumba. Mwaka 2013 halmashauri ya jiji ilianza kuuza baadhi ya nyumba zake zilizokaa bila watu kwa pauni moja kila moja. Ni nyumba za matofali zilizopangwa mstari, ukuta kwa ukuta. Sisi wanachama, ambao wengi wetu hapa Uingereza tunalipa kodi ya chumba bila matumaini ya kumiliki hata mlango wake, tuliisikia habari hiyo kama ya bahati nasibu. Safari hii tumeona tuitazame vizuri.

Nyumba hizo hazikuhamwa kwa siku moja. Kazi za bandari zilipungua, watu wakaondoka. Kisha mwaka 2002 serikali ikaleta mpango wa kufufua soko la nyumba katika miji ya kaskazini, na dawa yake kubwa ilikuwa kubomoa. Wakazi wakahamishwa, madirisha yakazibwa, na mwaka 2011 fedha zikakatwa kabla tingatinga halijafika kila mtaa. Yakabaki magofu katikati ya nyumba zenye watu.

Masharti ya pauni moja yalikuwa ya maana: mnunuzi awe na kazi, awe mkazi wa Liverpool au anafanya kazi huko, asiwe na nyumba nyingine, aikarabati kwa gharama yake, na aishi humo miaka 5 bila kuipangisha. Walanguzi hawakupata nafasi. Lakini hebu tulirudie hilo la ukarabati. Paa linavuja, mabomba hayapo, nyaya za umeme ni za zamani, sakafu imeoza kwa unyevu. Gharama inafika makumi ya maelfu ya pauni, na ni vigumu kupata mkopo wa kawaida wa benki kwa nyumba isiyo na jiko wala choo. Basi aliyefaulu ni mwenye akiba, au mwenye ndugu wa kumkopesha. Mfagiaji wa hospitali anayeishi kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi ana pauni moja, ila hana hizo nyingine. (Na wenzetu wanaoepuka riba wanajua ugumu mwingine juu ya huo.)

Ndiyo maana sisi tunavutiwa zaidi na jirani yake, Cairns Street, mtaa wa Granby huko Toxteth. Wakazi waliobaki hawakungoja. Walifagia barabara, wakapanda maua, wakapaka rangi mbao zilizoziba madirisha, wakafungua gulio. Mwaka 2011 wakaunda chombo chao cha kumiliki ardhi kwa pamoja, na halmashauri ikawakabidhi nyumba 10. Kwa ruzuku na mikopo, na kwa msaada wa kundi la wasanifu liitwalo Assemble, wakazikarabati. Kazi hiyo ikalipatia kundi hilo tuzo ya sanaa ya Turner mwaka 2015, jambo lililowaudhi baadhi ya wahakiki, maana bomba la maji si mchoro!

Kwetu sisi tuzo si kitu. Kitu ni kwamba hapa mnunuzi alikabidhiwa nyumba iliyokwisha kutengenezwa, na bei ya nyumba za kuuzwa ikafungamanishwa na kipato cha wakazi wa eneo hilo, hata atakapoiuza kwa mwingine. Nyumba nyingine zilipangishwa kwa kodi nafuu. Ni kweli, nyumba 10 ni chache, na mwenye nyumba hapati faida kubwa akiuza. Tunaona hiyo ni bei halali ya kuingia.

Limebaki suala la lugha. Chombo kile tukiiteje kwa Kiswahili? Baadhi yetu wanasema wakfu, wakikumbuka nyumba za wakfu za Mji Mkongwe, Zanzibar. Wengine wanapinga: mali ya wakfu haiuzwi, na hizi zinauzwa kwa masharti, hivyo wanapendekeza amana ya ardhi ya jamii. Walimu wetu, tunaomba neno lenu kabla ya toleo lijalo.