Mchuma ukichemsha, usikimbilie gasketi

Washkaji wa Bukoba wenye mikweche, leo naongea na nyie. Corolla ya siku nyingi ikichemsha njia ya Muleba, fundi anakwambia haraka: "Gasketi hiyo, bosi!" Mimi nasema, subiri kwanza.

Hedi ya injini hizo nyingi ni ya alumini. Ikizidiwa na moto inapinda. Ukibandika gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, hufiki mbali. Maji yanaingia kwenye oili, inakuwa kama chai ya maziwa. Dai hedi ipimwe kwa rula, ikibidi ikachongwe.

Kisha tafuteni mchawi: feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba. Na mfuniko wake msiudharau! Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Presha ya mfuniko ndiyo inayoyazuia. Ukilegea, kwisha kazi.

Mshale ukipanda, paki, zima. Mfuniko usiuguse mpaka injini ipoe, usije ukababuka sura shemeji akakukimbia!